Jirani Aliyezoesha Breki za Mtaa Mzima

Mtaani kwetu Nkuhungu mtu akiweka breki mpya hana haja ya kutangaza. Mimi nilikuwa sijatimiza hata mwezi tangu nihamie Dodoma na ofisi yetu, sijajua bado pa kununua mkaa mzuri, siku niliyotoka gereji na kigari changu kimefungwa pedi mpya na diski mpya za mbele. Niliegesha, nikaingia ndani kubandika chai. Maji hayajachemka, geti likagongwa. Nje alisimama mzee mrefu, shati jeupe limechomekwa, kalamu mbili mfukoni, kofia ameishika mkononi utadhani amekuja kutoa pole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi jirani yako, nyumba ile yenye mzabibu. Nimesikia umeweka breki mpya."

"Umesikia kwa nani?"

"Nimezisikia zenyewe ulipokata kona. Umezizoesha?"

Nikamwambia fundi amesema kazi imekwisha. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa.

"Fundi amefunga. Kufunga ni hatua ya awali. Kesho asubuhi naomba tukutane kwa ajili ya utekelezaji."

Hivyo ndivyo alivyoongea. Maisha yake yote ya kazi aliendesha wakubwa wa wizara moja, na miaka yote hiyo akiwa mbele na wao nyuma alikuwa anawasikiliza. Alipostaafu hakuondoka na kitu kikubwa, ila maneno aliondoka nayo. Mboga ikipungua chumvi, alimwambia mkewe kwamba ina changamoto. Ukimwomba nyundo alikujibu kuwa ombi lako limepokelewa, kisha akakuletea nyundo hapo hapo. Mtaa mzima ulimwita Dereva, mkewe pia alimwita Dereva, na mimi nikafuata.

Alikuwa na majivuno, tusidanganyane. Aliamini kuwa kati ya Morogoro na Singida hakuna mtu mwingine anayejua kuzoesha breki, na kwamba ajali zote anazozisikia redioni zimetokana na watu kutomwona yeye kwanza. Watu walimcheka, halafu wakimaliza kucheka wanampelekea funguo. Kila mtu alipanda gari akiwa yeye kwenye usukani: mwenye duka la vipuri, mchungaji wetu, hata wale wanaoogopa magari. Mtu mmoja tu alikataa, na ndiye aliyemtaka kuliko wote. Huyo ni mama mkwe wake, bibi wa Bahi. Nitafika huko, kwa sababu Dereva bila bibi wa Bahi hajaeleweka.

Kesho yake tukaenda barabara ya mzunguko, kipande kile kipana kati ya Nala na Veyula, ambapo asubuhi unakutana na upepo kuliko magari. Dereva aliendesha, mimi nikakaa pembeni. Akaniambia kuwa pedi mpya na diski mpya hazijafahamiana, kwa hiyo lazima zifahamishwe kwa joto, pole pole, mpaka pedi ipake utando mwembamba kwenye diski, ulingane pande zote. Kisha akaonyesha. Aliongeza mwendo mpaka sitini, akakanyaga breki kwa uthabiti bila papara mpaka gari likawa linatembea mwendo wa mtu anayetoka kanisani, halafu akaachia kabla halijasimama na kuongeza tena. Kati ya kukanyaga na kukanyaga aliimba beti moja ya wimbo wa kanisani, sauti ya nne, ya chini kabisa, maana alikuwa mwanakwaya.

"Unaimba kwa nini?" nikamuuliza.

"Beti moja ndiyo nafasi yake ya kupumua. Ukiwahi, zinachemka. Ukichelewa, zinasahau."

"Kwani huna saa?"

"Saa ninayo. Saa haina sauti ya nne."

Halafu akanipa sheria yake kubwa, akainua kidole kukitoa kwenye usukani. Breki zikiwa na moto, gari halisimami. Litapunguza mwendo, litatambaa, lakini kusimama na mguu juu ya pedali ni mwiko. Ukisimama na kushikilia, pedi inaikumbatia diski mahali pamoja na kugonga mhuri pale pale, na tangu siku hiyo kila ukikanyaga, pedali inatetemeka chini ya mguu wako. Alisema neno kutetemeka kwa sauti ile ambayo watu wengine husemea neno talaka. Tulimaliza kwa mwendo mrefu wa kupoza bila kugusa breki, tukaenda mpaka Veyula na kurudi, na lazima nikiri kwamba lile gari lilishika breki vizuri kuliko gari lolote nililowahi kuendesha.

Sasa, ungedhani mtu huyu gari lake mwenyewe linang'aa. Alikuwa na pikapu ya zamani ambayo rangi yake hakuna aliyeweza kuitaja kwa uhakika. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Honi haikulia, hivyo alitoa mkono dirishani na kupiga ubavu wa mlango. Taa moja ilitazama barabara na nyingine ilitazama mashamba. Lakini breki zake alizitunza kama mtoto mchanga. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe hana gari, ana breki ambazo zimejengewa bodi ili zisinyeshewe.

Na ungedhani mtu mwenye sheria ya kutosimama ana haraka. Kwa miguu Dereva alikuwa mtu mzito kuliko wote mtaani. Kutoka nyumbani kwake kwenda dukani ni umbali wa kutupa jiwe, lakini mkewe akimtuma viberiti asubuhi, anapika cha mchana kwa moto wa kuomba kwangu. Alisimama kila mlango. Aliuliza habari ya baba, habari ya mguu wa baba, habari ya dawa aliyopewa mguu wa baba. Akikutana na mtu wa vijijini alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na hapo basi, mpaka mvua za mwaka jana zizungumzwe. Akiwa kwenye pikapu yake siku za kawaida, breki zikiwa zimekwisha kuzoea, alimsimamia kila mtu anayepunga mkono, na wengine ambao walikuwa wanafukuza nzi tu. Amewahi kunipa lifti pamoja na mbuzi, kitanda na wanakwaya wa sauti ya kwanza.

Ni breki mpya tu zilizombadilisha. Zikiwa na moto, angempita mchungaji. Kwa kweli alishampita mchungaji. Alishampita pia askari wa barabarani, ambaye aliona gari linakimbia, linapunguza, linakimbia, linapunguza, na ndani mzee anaimba, akafikiri jambo ambalo mtu yeyote angefikiri. Alipoinua mkono, Dereva alipunguza mpaka mwendo wa kutembea, akatoa leseni dirishani na kumwomba askari atembee sambamba naye wakati wa ukaguzi. Askari alitembea. Alisoma leseni akitembea, akaangalia stika ya bima akitembea, akainama kunusa pumzi ya mzee akitembea, na alipotaka kufoka pumzi zilikuwa zimemwishia. Baadaye Dereva alirudi mwenyewe, breki zimepoa, akasimama mbele yake na kupokea adhabu yake kwa adabu zote. Wiki iliyofuata askari yule alimletea gari la shemeji yake.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. La bibi wa Bahi halikuwa la kuchekesha, ingawa ukilisimulia watu wanacheka, na mimi mwenyewe nilicheka mara ya kwanza.

Ilikuwa siku Dereva anazoesha breki za gari la mwenye duka la vipuri, kipande kile kile cha Nala. Mama mkwe alikuwa ametoka Bahi kwa basi, akashuka Nala ili kumwamkia ndugu yake kwanza kabla ya kuja mjini kwa binti yake. Alikuwa anatembea kando ya barabara na kapu la mchele mpya kichwani na kuku kwapani, jua limeshapanda. Akaliona gari linakuja. Akamwona aliye ndani. Gari likaanza kupunguza mwendo, likapunguza, likapunguza, likafika ubavuni kwake likitambaa. Bibi akashusha kapu kichwani, akanyoosha mkono kushika mlango.

"Mbukwenyi, Mama!" Dereva akaita kwa heshima zote. Na akaongeza mwendo.

Alikuwa kwenye kukanyaga kwa tatu. Zilibaki zamu kadhaa. Alifika mbele, akageuza, akarudi upande wa pili, na kwa jinsi mahesabu yake ya beti yalivyokuwa, ikaangukia hapo hapo alipo bibi. Gari likapunguza tena. Bibi, ambaye sasa alishajua kuwa mkwe wake amegeuza kwa ajili yake, akavuka barabara na kapu lake na kuku wake. Mkwe wake akamwamkia tena, akapita tena, na kupitia dirisha lililo wazi bibi akasikia akiimba.

Breki zilipopoa na yeye akarudi kusimama, bibi hakuwepo. Alikuwa amepanda bodaboda kurudi Bahi, mchele ule ule, kuku yule yule, bila kufika kwa ndugu wala kwa binti.

Mkwe na mama mkwe kwa Wagogo si watu wa kuzoeana. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni, bibi akipanda pikapu ya Dereva alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, kimya, na mkwe wake hakutazama hata kile kioo cha ndani. Heshima yote imo katika vitu vidogo hivyo, na kikubwa kuliko vyote ni kusimama. Kumpita mkwe barabarani ni kosa. Kumpunguzia mwendo kisha ukampita, mara mbili, ukiimba, hilo wazee walikuwa hawajawahi kulipatia jina.

Bibi alisema neno lake mbele ya ukoo. "Gari lake sipandi tena. Na nikifa msinipakie kwake. Atanipita hata nikiwa ndani ya sanduku."

Hapo ndipo Dereva alipoumia. Ndugu wa mkewe wote waliotangulia, ni yeye aliyewapeleka kuzikwa. Baba mkwe alimpeleka yeye, kwa mwendo ambao hata maua hayakuanguka. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya dereva, na zile safari za wakubwa zilikuwa mazoezi tu. Kuambiwa na mama mkwe kwamba siku yake ya mwisho atabebwa na mtu mwingine kulimnyima usingizi, na mkewe aliniambia hilo kwa mdomo wake.

Akaitwa Bahi mbele ya wazee. Mtu mwingine angesema samahani, mambo yakaisha. Yeye alienda na sahani mbili za bati na kipande cha sabuni. Sahani ilikuwa diski na sabuni ilikuwa pedi, akasugua na kueleza, akasugua na kueleza, mpaka kuku wakaingia kulala. Alipomaliza, mzee mmoja alikohoa.

"Tumekuelewa, mkwe wetu. Sasa tuambie jambo moja tu. Gari na mama mkwe, mkubwa nani?"

Dereva akafikiri. "Hilo swali," akasema, "tutalijibu kwa maandishi."

Akatozwa mbuzi na blanketi. Na kwa kuwa bibi alikataza pikapu ile isikanyage uwanja wake, mbuzi alipelekwa kwa basi. Waliomwona siku ile stendi wanasema alikuwa amevaa shati lake jeupe na kalamu zake mbili, mbuzi miguuni, anamweleza dereva wa basi kwamba breki zake za kushoto zinavuta. Bibi alipokea mbuzi. Akapokea blanketi na kulisifia. La gari, akasema, liko palepale.

Tangu hapo mkewe akawa anakwenda kumwona mama yake kwa basi, kwa kumuunga mkono. Dereva aliwasha pikapu na kulifuata basi hilo nyuma, tupu, mpaka njia panda ya Bahi, akaegesha, akaingia kijijini kwa miguu. Aliishonea pikapu vitambaa vya viti vyenye maua. Akabadilisha kamba ya mlango kwa kamba mpya. Msimu wa mpunga alienda kusaidia kuvuna na kuegesha mahali ambapo bibi lazima angepita na magunia yake, mlango umefunguliwa, yeye amesimama pembeni na kofia mkononi. Bibi akaita bodaboda. Akampakia kijana gunia mbele, akapanda nyuma, na walipofika usawa wa pikapu akamgonga kijana bega ili apunguze mwendo. Bodaboda ikatambaa. Bibi akaitazama pikapu vizuri, akaangalia vitambaa vya maua, akamwamkia mkwe wake, "Mbukwa," kwa heshima zote, kisha akamgonga kijana bega tena wakaondoka mbio.

Dereva alinisimulia mwenyewe jambo hili, amekaa kwenye kibaraza changu, hakunywa chai. "Alipunguza kwa ustadi," alisema. "Hakusimama kabisa." Nikataka kucheka, nikamtazama usoni nikaacha. Niliona mtu mzima ana hamu ya kulia na hajui aanzie wapi. Nilimwambia aende akaombe radhi bila sahani. Akasema suala hilo liko kwenye mchakato. Nikamkasirikia, nikamwambia mama mkwe wake ni mtu mzee, huo mchakato utamkuta kaburini. Aliondoka bila kuaga, na kwa siku kadhaa hakusimama mlangoni kwangu, jambo ambalo lilinifanya nisikie ukimya wa ajabu asubuhi.

Pedi zangu za kwanza zilipokwisha nikaweka nyingine, na diski nyingine, kwa sababu fundi alisema za zamani zimekuwa nyembamba. Safari hii Dereva alisema nitaendesha mimi na yeye atasimamia. Tukaenda kule kule Nala. Breki yangu ya mkono ilikuwa imelegea, haishiki hata kidogo, nikamwambia. Akasema haina neno, kwa kuwa hatutasimama popote.

Nilifanya vizuri, nasema bila haya. Nilikanyaga, nikaachia, nikaongeza. Yeye aliimba sauti ya nne na mimi nikajaribu ya pili. Harufu ya pedi mpya ilianza kuingia dirishani, ile harufu ya joto ambayo yeye aliipenda kuliko pilau. Tulikuwa tunashuka kile kimteremko, nimekanyaga, mwendo umeshafika wa kutambaa, nataka kuachia, wimbo ukakatika katikati ya beti.

Mbele, kando ya barabara, alisimama bibi mwenye kapu kichwani na fimbo mkononi.

Hakunyoosha mkono. Hakushusha kapu. Alitazama mbele tu, namna ya mtu anayesubiri jambo la aibu lipite haraka.

"Simama," Dereva akasema.

"Zina moto, mzee."

"Nimesema simama!"

Nikasimama. Nikahisi gari linataka kuteleza na mteremko, nikauliza kama nitie gia nizime. "Usiguse kitu," akaninong'oneza, jasho linamtoka. "Kanyaga hapo hapo. Likisogea hata kidole kimoja atajua tunampita." Akavua kofia, akafungua mlango, akatoka.

"Mbukwenyi, Mama."

Bibi hakumtazama. Alitazama magurudumu.

"Limesimama?"

"Limesimama, Mama."

"Limesimama kabisa?"

"Kabisa."

Akanyoosha fimbo akaligusa tairi, kama mtu anayehakikisha kuwa nyoka amekufa. Kisha akajibu, "Mbukwa," na akaanza kusalimia.

Asiyejua salamu za watu wa Bahi anaweza kudhani ni dakika moja. Bibi aliuliza habari ya nyumbani. Akauliza habari ya binti yake, akaingia kwa wajukuu mmoja mmoja, akauliza kikohozi. Akauliza kama mzabibu umezaa. Akatoa na yeye za kwake: mpunga, maji ya mwaka huu, ndama aliyezaliwa, jirani aliyehama. Dereva alisimama ameinamisha macho, kofia kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, nyuma ya mgongo wake, ananiashiria niendelee kukanyaga. Nilikanyaga mpaka goti likaanza kufa ganzi. Harufu ikapanda. Sasa haikuwa harufu ya breki zinazofahamiana, ilikuwa harufu ya mhuri unaogongwa, na mtu aliyeijua harufu hiyo kuliko wote nchini alikuwa amesimama hatua mbili kutoka gurudumu akieleza kwamba kikohozi kimepungua.

"Kuna kitu kinaungua," bibi akasema.

"Hakuna kitu, Mama."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akidanganya kuhusu breki.

Bibi akashusha kapu. Akainama dirishani kunitazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Hili gari la nani?"

"La kwangu, bibi."

"Si la huyu?"

"Hapana."

Akafikiri. Gari la mtu mwingine halikuwemo katika kiapo. Dereva naye aliona hivyo, nikamwona anapumua. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, bibi akaingia na kapu lake. Dereva akataka kurudi pembeni yangu.

"Binti," bibi akasema, "kwenu wapi?"

"Tanga, bibi."

"Tanga simjui mtu." Akagonga fimbo sakafuni. "Mimi siendeshwi na mtu nisiyejua kwao. Mkwe, shika usukani."

Tulibadilishana viti, mguu wake ukiwahi pedali kabla wangu haujatoka, gari lisije likasogea. Akanyoosha mgongo. Akakishika kioo cha ndani na kukigeuzia pembeni ili asimwone mama mkwe wake, kama inavyotakiwa. Tukaondoka pole pole kuelekea mjini.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Siku ile ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa naimba, Mama."

"Nilidhani unanicheka."

Nilimtazama Dereva. Nilijua maneno aliyonayo, utando, joto, mhuri, sahani na sabuni. Nikaomba kimoyomoyo asiyatoe.

"Sikukucheka, Mama," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Lakini ningesimama. Nilikuona na jua lile na kapu lile, ningesimama. Nilikosa. Nisamehe."

Hakukuwa na changamoto wala mchakato. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea hivyo, na macho yangu yakalowa, nikageukia dirishani kutazama mashamba.

Tukaziona nyumba za Nala zimebaki nyuma. Kisha bibi akaongea, si na mkwe wake, maana hayo si mambo ya kuambiana mkwe na mkwe. Aliniambia mimi.

"Binti wa Tanga. Ukifika umwambie mwanangu. Nikifa, huyu atanibeba."

"Nitamwambia, bibi."

"Ila msimwekee breki mpya."

Bibi bado yupo, na siku hizi amekuwa mzigo mzuri. Anapanda pikapu kwenda kliniki, kanisani, mnadani, na mara nyingine kwenda tu kuona uwanja wa ndege wa Msalato umefika wapi. Dereva analalamika kila mahali kwamba hana muda wa shughuli zake. Analalamika akiwa anatabasamu, kofia imekaa upande.

Gari langu halikupona. Wiki chache baada ya siku ile nilianza kuhisi pedali inatetemeka kila nikipunguza mwendo, kama alivyoahidi. Niliogopa kumwambia, lakini alikuwa ameshasikia mwenyewe nilipokata kona. Alikuja getini, kofia mkononi, akaomba funguo. Tukazunguka mtaa. Akapata mwendo, akakanyaga. Pedali ikatetemeka. Akaachia, akakanyaga tena, akatega sikio. Nikasubiri hotuba.

"Nipeleke diski zikachongwe?" nikauliza.

"Zikichongwa, mhuri utafutika kabisa," akasema. "Kitaalamu ndivyo inavyotakiwa."

Hakugeuza gari kurudi nyumbani. Alitafuta kipande kingine cha lami iliyo wazi, akaongeza mwendo, akakanyaga taratibu, na tukausikia mhuri sote wawili chini ya miguu yetu.

"Uache, jirani," akasema. "Hapo ndipo Mama alipopandia."